Gharama ya Pumzi: Mzigo wa Magonjwa Sugu ya Mapafu Karatu na Ngorongoro



Kamati nyingi za parokia hukutana na ugonjwa wa mapafu siku ya kuchangisha nauli. Mgonjwa ameshakaa ndani miezi mingi, hawezi kufika chooni bila kusimama njiani apumzike, na ndugu zake wanaomba gari la kumpeleka Arusha au Moshi. Bahasha zinapita katika jumuiya ndogondogo, fedha zinapatikana, safari inafanyika. Baada ya wiki mbili au tatu mgonjwa anarudi na dawa za mwezi mmoja. Dawa zikiisha, kamati inarudi mezani na swali lilelile, na safari hii mfuko ni mtupu.

Katika makala hii tunaeleza kwa nini hali hiyo hujirudia, mzigo wake ni mkubwa kiasi gani, nani hasa anaulipia, na fedha kidogo tulizo nazo zianzie wapi. Tunawaandikia wanakamati wanaogawa michango ya waumini, na pia wafadhili wanaotuunga mkono kutoka karibu na mbali, kwa kuwa uamuzi huu ni wa pande zote mbili.

Ugonjwa wenyewe ni upi?

Mapafu ya mtu mzima yana vifuko vidogo vya hewa vinavyofikia milioni 300 na zaidi. Ndani ya vifuko hivyo ndimo oksijeni inapoingia kwenye damu na hewa chafu inapotoka. Tunaweza kuyafananisha mapafu na ghala la kaya iliyovuna vizuri. Kaya inakula kidogo kuliko ilichoweka, hivyo akiba ikipungua robo, hata theluthi, anayekula mezani hajui. Vivyo hivyo, mtu anayefanya kazi zake za kila siku hatumii uwezo wote wa mapafu yake. Uharibifu unaweza kuendelea miaka 10 au 20 huku mwenyewe akidhani kikohozi cha asubuhi ni baridi ya Karatu, na kuchoka anapopanda mlima ni uzee. Siku anapofika zahanati akihema ilhali amekaa kitini, ghala limebaki sakafu tupu.

Yapo magonjwa kadhaa yanayomfikisha mtu katika hatua hiyo. La kwanza ni ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ambao njia hizo huvimba na kuwa nyembamba, na vifuko vya hewa huchanika na kuungana. Hewa huingia kwa shida na kutoka kwa shida zaidi. La pili ni makovu yanayobaki baada ya kifua kikuu. La tatu ni pumu iliyokaa miaka mingi bila matibabu ya kudumu. La nne ni ugonjwa wa vumbi la mawe, unaowapata wachimbaji wa madini na wapasuaji wa mawe. Vijana wanaokwenda kuchimba Mirerani, mkoani Manyara, wamo katika hatari hiyo, na vumbi hilo pia huongeza uwezekano wa kupata kifua kikuu.

Nimonia ya kawaida ikitibiwa mapema hupona. Lakini sehemu ya pafu iliyokwisha kufa haioti tena. Dawa zinaweza kupanua njia zilizobaki, kupunguza uvimbe na kuzuia mashambulizi ya ghafla, ila haziwezi kurudisha kilichopotea. Ukweli huu ndio msingi wa hesabu zote zinazofuata.

Kwa nini hapa kwetu?

Chanzo kikubwa kimo jikoni. Katika vijiji vya Karatu makande huchemka saa nyingi juu ya mafiga, mara nyingi katika jiko dogo la pembeni lenye mlango mmoja. Katika maboma ya Wamasai wa Ngorongoro, nyumba iliyojengwa na akina mama kwa fito na kusiribwa kwa samadi ya ng'ombe ina mwanga mdogo sana, na moto uko ndani, kwa kuwa usiku ni wa baridi na moto ndio blanketi la pili. Mama, watoto wadogo na bibi ndio wanaokaa karibu na moto huo kwa saa nyingi kuliko wengine. Mtoto wa kike anayeanza kusaidia kupika akiwa na umri wa miaka 7 atakuwa amevuta moshi kwa zaidi ya miaka 40 kabla hajafikisha 50, hata kama maisha yake yote hakugusa sigara.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi na hewa chafu ya majumbani vilichangia vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka 5. Moshi huo hausababishi ugonjwa wa mapafu peke yake, kwani unachangia pia kiharusi na magonjwa ya moyo.

Chanzo cha pili ni tumbaku, na kwa sehemu kubwa hiki ni cha wanaume. Chanzo cha tatu ni kifua kikuu. Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma mwaka 1977, na namna ya kutibu iliyojaribiwa hapa nchini wakati ule ilikuja kuigwa na nchi nyingi duniani. Hata hivyo kupona vijidudu siyo kupona mapafu. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2016 uliwapima wagonjwa 501 wa kifua kikuu waliokuwa wanaelekea mwisho wa matibabu, na ukakuta kuwa karibu 74 kati ya kila 100 walikuwa na upungufu wa nguvu za mapafu. Dawa zimeua vijidudu, kadi imefungwa, lakini pumzi haijarudi yote. Kadiri mgonjwa anavyochelewa kuanza dawa, ndivyo makovu yanavyoongezeka.

Liko pia jambo la miinuko, ambalo wageni wanaokuja kutembelea kreta hulihisi wakishuka garini. Mji wa Karatu uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na ukingo wa kreta unapita mita 2,200. Katika mwinuko huo wa ukingo, kila pumzi moja ina oksijeni iliyo karibu robo tatu tu ya ile anayoipata mtu wa Dar es Salaam. Mwenye mapafu mazima huzoea. Aliyebakiwa na nusu ya mapafu huanza kuteseka mapema kuliko ambavyo angeteseka pwani.

Mzigo ni mkubwa kiasi gani?

Kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022, wilaya za Karatu na Ngorongoro kwa pamoja zina watu zaidi ya nusu milioni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu watu wenye umri wa miaka 35 na kuendelea katika eneo moja la vijijini nchini Tanzania ulikuta kuwa watu 17 hivi kati ya kila 100 walikuwa na ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Kwa wanaume walikuwa karibu 22 kati ya 100, na kwa wanawake karibu 13. Takriban wote walipikia kuni, mkaa au mabaki ya mazao.

Tunawaomba wanakamati wasiichukue namba hiyo na kuizidisha moja kwa moja kwa idadi ya waumini wao. Wengi wa wale waliopimwa walikuwa katika hatua za mwanzo, na kila eneo lina hali yake. Funzo tunalolichukua ni kwamba ugonjwa huu ni wa watu wengi, na kwamba wengi wao bado hawajajua. Kipimo chake si picha ya eksirei. Ni mashine ndogo ambayo mgonjwa hupuliza kwa nguvu, na mganga husoma kiasi na kasi ya hewa iliyotoka. Pasipo kipimo hicho, ugonjwa huandikwa katika daftari kama kikohozi, nimonia au pumu, na mgonjwa hupewa dawa ya siku tano arudi nyumbani.

Duniani kote ugonjwa huu uliua watu wapatao milioni 3.5 katika mwaka 2021. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa, kati ya wanaokufa kwa ugonjwa huu kabla ya kufikisha miaka 70, karibu 90 katika kila 100 wanatoka katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa maneno mengine, katika nchi zetu watu wanakufa wakiwa bado wanalima, wanachunga na kulea.

Nani analipa?

Tukizungumza kuhusu gharama, wengi hufikiria bili ya hospitali. Bili ni sehemu ndogo. Tunaliona hili wazi katika kifua kikuu, ambacho dawa zake hutolewa bure nchini. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa kaya 45 kati ya kila 100 zenye mgonjwa wa kifua kikuu zilibeba gharama kubwa kupita kiasi, yaani zilipoteza zaidi ya sehemu moja ya tano ya mapato yao ya mwaka. Dawa ni bure, na bado karibu nusu ya kaya zinaumia. Fedha zilikwenda kwenye nauli, chakula, na siku za kazi zilizopotea.

Kwa ugonjwa sugu wa mapafu hesabu ni nzito zaidi, kwa sababu matibabu hayaishi baada ya miezi 6. Tuchukue kaya ya mfano tuliyoitunga kwa ajili ya hesabu tu. Baba ana miaka 55, analima mahindi na maharage upande wa Rhotia, na hawezi tena kwenda kliniki peke yake. Kila mwezi anakwenda hospitali akisindikizwa, na safari hula siku mbili. Watu wawili kwa siku mbili, mara 12 kwa mwaka, ni siku 48 za kazi zilizotoka katika kaya hiyo, na hapo hatujahesabu siku ambazo baba mwenyewe hawezi kushika jembe. Shamba litakodishwa au litalimwa nusu. Ng'ombe wa kwanza atauzwa kwa nauli, wa pili kwa dawa. Binti ataacha shule ili amsaidie mama kumhudumia baba usiku. Hakuna risiti ya mambo haya, na hayataonekana katika taarifa ya hospitali yoyote.

Umbali huongeza yote hayo. Kutoka Karatu hadi Arusha ni karibu kilomita 140, na kufika KCMC Moshi ni zaidi ya kilomita 200. Ndani ya Ngorongoro, Kanisa Katoliki lilijenga hospitali Wasso na baadaye Endulen ili watu wasilazimike kusafiri hivyo, lakini mgonjwa wa Kakesio au Nainokanoka bado ana safari ndefu mbele yake. Aidha, tangu mwaka 2022 baadhi ya kaya zimehama kutoka hifadhini kwenda Msomera, wilayani Handeni. Mgonjwa anayehama bila kadi yake ya kliniki huanza upya kwa mganga asiyemfahamu.

Wapo wasomaji wanaokumbuka mwaka 2011, pale maelfu ya watu walipofurika kijiji cha Samunge, wilayani Ngorongoro, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyefariki mwaka 2021. Kikombe kilikuwa shilingi 500. Nauli ya kufika ilikuwa mara nyingi zaidi ya hapo, na watu walilala njiani siku kadhaa kwenye foleni za magari. Waliokwenda walikuwa wagonjwa wa magonjwa sugu na familia zao, na baadhi yao waliacha dawa walizokuwa wakitumia. Hatulirudii jambo hili ili kumhukumu mtu. Tunajifunza kwamba mgonjwa aliyechoka atatoa chochote alicho nacho kwa yeyote anayempa tumaini. Fedha zipo katika kaya, ila zinatoka mwishoni, kwa haraka, na kwa njia isiyomwachia mgonjwa kitu cha kudumu.

Hesabu ya oksijeni

Wafadhili wengi wema hutuuliza kama wanaweza kununua oksijeni kwa ajili ya wagonjwa wa majumbani. Ni swali zuri na linastahili jibu kwa namba.

Tafiti mbili zilizochapishwa mwaka 1980 na 1981 zilithibitisha kuwa oksijeni hurefusha maisha ya mgonjwa wa ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa ambaye oksijeni ya damu yake imeshuka sana, mradi aitumie saa 15 au zaidi kwa siku, kila siku. Mgonjwa anayetumia lita 2 kwa dakika kwa saa 15 anahitaji lita 1,800 kwa siku. Mtungi mkubwa wa hospitali wenye lita 6,800 hautamaliza siku ya nne. Kwa mwezi mmoja mgonjwa huyo anahitaji mitungi 8, na kila mtungi usafirishwe kwenda na kurudi.

Mashine ya kuzalisha oksijeni kutoka hewani huondoa shida ya mitungi, lakini inataka umeme. Mashine ya kawaida inayotumia wati 350 kwa saa 15 itakula yuniti zaidi ya 5 kwa siku, yaani zaidi ya 150 kwa mwezi. Katika bei zilizopangwa mwaka 2016, mteja mdogo wa TANESCO aliwekewa ukomo wa yuniti 75 kwa mwezi. Mgonjwa mmoja anatumia mara mbili ya ukomo huo, na umeme ukikatika mashine inanyamaza. Zaidi ya hayo, oksijeni haiwezi kuwekwa katika nyumba yenye moto wa kuni bila hatari kubwa ya kuungua.

Hivyo basi, mahali pa oksijeni katika wilaya zetu ni wodini. Huko mashine moja inaweza kumwokoa mtoto mwenye nimonia leo, mama aliyetoka upasuaji kesho, na mzee aliyeshambuliwa ghafla keshokutwa. Mfadhili anayetaka kutoa oksijeni aipe hospitali, na aweke pamoja na mashine hiyo fedha za vipuri na fundi. Mashine isiyo na fundi huishia stoo.

Kinachosaidia, na kinachochukua muda

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika ugonjwa huu ufa unazibwa kwa mambo yasiyo ya gharama kubwa, lakini ni lazima tuseme ukweli kuhusu nguvu ya kila moja.

Kuacha sigara hupunguza kasi ya mapafu kuharibika katika umri wowote. Hata aliyekwisha kuumia akiacha leo, kilichobaki kitadumu zaidi. Hakuna dawa ya hospitali inayofanya kazi hiyo kwa gharama ndogo namna hiyo.

Kupima kikohozi mapema ni jambo la pili. Mtu yeyote anayekohoa wiki mbili au zaidi apimwe makohozi. Kila mwezi unaookolewa kabla ya kuanza dawa za kifua kikuu ni sehemu ya pafu iliyookolewa. Wenye kifua kikuu sugu kwa dawa hupata huduma ya kibingwa Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, hospitali iliyoanza kama kituo cha wagonjwa wa kifua kikuu mwaka 1926.

Jambo la tatu ni moshi, na hapa tunaomba uvumilivu. Nchini Malawi, utafiti mkubwa uliohusisha watoto zaidi ya 10,000 na kuchapishwa mwishoni mwa mwaka 2016 uligawa majiko ya kuni yaliyoboreshwa. Baada ya miaka miwili, nimonia ya watoto haikupungua. Moshi ulikuwa bado mwingi kutoka majiko mengine, takataka zinazochomwa na moto wa majirani. Kwa upande mwingine, katika wilaya ya Xuanwei nchini China, ambako watu walipikia makaa ya mawe ndani ya nyumba, kaya zilizoweka majiko yenye dohani zilionekana kupata ugonjwa sugu wa mapafu kwa kiwango kidogo: kwa wanaume hatari ilipungua kwa karibu asilimia 42, na kwa wanawake asilimia 25. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2005, na nafuu ilionekana vizuri baada ya miaka 10 hivi ya kutumia dohani.

Tunaomba namba hiyo ya miaka 10 ikumbukwe. Mradi wa kawaida wa wafadhili ni wa miaka 3. Mfadhili anayegawa majiko, akapiga picha na kupima matokeo mwaka wa tatu, atakuta kidogo na pengine ataondoka akidhani kazi haikufaa. Jiko litakuwa limepasuka, na hakuna wa kulitengeneza. Kamati ya parokia haiondoki. Wanakamati wanabadilishana, lakini kamati iko palepale mwaka wa kumi. Kwa hiyo kazi ya moshi ni ya kamati kwanza, na mfadhili ni msaidizi wake.

Serikali nayo imeweka lengo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unakusudia kuwa ifikapo mwaka 2034 watu 80 kati ya kila 100 watumie nishati safi. Gesi itafika Karatu mjini kabla ya kufika Kakesio. Wakati tukisubiri, yapo ya kufanya bila fedha nyingi: kukausha kuni kabla ya kuzitumia, kuloweka maharage na mahindi ya makande usiku kucha ili yaive haraka, kufunika sufuria, kupikia nje hali ya hewa ikiruhusu, kupanua tundu la moshi, na kumweka mtoto mchanga mbali na moto. Ndani ya hifadhi ujenzi una masharti yake, hivyo kamati za huko zishauriane na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro kabla ya kubadilisha nyumba.

Jambo la nne ni matumizi sahihi ya dawa ya kuvuta. Wagonjwa wengi hupuliza dawa ikaishia mdomoni. Utafiti uliofanyika Cape Town na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa dawa na kuzibwa pembeni kwa gundi, humfikishia mtoto mwenye pumu dawa sawa na kifaa cha dukani. Chupa hiyo ya maji inatupwa barabarani kila siku. Mhudumu wa afya wa kijiji anaweza kufundishwa kuitengeneza kwa asubuhi moja.

Wale waliokwisha kuumia

Isieleweke kwamba tunapendekeza wagonjwa waliofikia hatua ya mwisho waachwe ili fedha ziende kwenye kinga. Kanisa haliwezi kufanya hesabu ya namna hiyo. Tunachosema ni kwamba safari ya Moshi siyo daima huduma bora kwao. Kwa mgonjwa ambaye vipimo vimekwisha kufanyika na ugonjwa unajulikana, safari ya pili na ya tatu mara nyingi humchosha na kuifilisi kaya bila kubadilisha kitu.

Ipo huduma inayoitwa tiba shufaa, ambayo Hospitali ya Kilutheri ya Selian, Arusha, ilikuwa miongoni mwa za kwanza nchini kuianzisha. Lengo lake ni kumpunguzia mgonjwa mateso na kumsaidia aishi siku zake kwa heshima, nyumbani, akiwa na watu wake. Kwa mwenye shida ya kupumua, huduma hiyo ni pamoja na kumfundisha kukaa akiinamia mbele huku viwiko viko juu ya magoti, kupumua nje polepole kwa midomo iliyobanwa kama anayepuliza chai, kulala ameinuliwa kwa mito, na kupepewa usoni. Mganga akiona inafaa huweza kumpa mofini kidogo ya kunywa kwa uangalizi. Jirani anayekuja kukaa na mgonjwa saa tatu ili mkewe alale ni sehemu ya tiba hiyo pia.

Mapendekezo yetu

Kwa kamati za parokia na vigango tunapendekeza yafuatayo:

1. Kila jumuiya ndogondogo imteue mtu mmoja wa kuwaangalia wanaokohoa zaidi ya wiki mbili na kuwasindikiza zahanati. Nauli ya safari hiyo fupi itoke katika mfuko wa parokia bila kungoja harambee.

2. Michango ya wagonjwa igawanywe mapema mwaka unapoanza. Sehemu iwe ya nauli za kupima, sehemu ya majiko na matengenezo yake, sehemu ya huduma ya nyumbani, na sehemu ya dharura. Mfuko wa dharura peke yake utamalizwa na wagonjwa wawili.

3. Kaya zisaidiwe kujiunga na bima. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa mwaka 2018 uliweka mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi 6, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kamati ziulize halmashauri utaratibu wa sasa na kuutangaza kanisani.

4. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wasaidiwe kupata barua ya kijiji ya msamaha wa gharama. Haki hiyo ipo katika sera, lakini mzee anayehema hawezi kuifuatilia mwenyewe.

Kwa wafadhili wetu tunaomba mambo mawili. Msitoe kifaa bila kutoa mafunzo na matengenezo yake. Na pale mnapoweza, ahidini kiasi kidogo kwa miaka mingi badala ya kiasi kikubwa kwa miaka michache. Kipimo cha kupuliza kwa hospitali moja, pamoja na mafunzo ya waganga wawili na fedha za kukitunza kwa miaka 10, kitawafikia watu wengi kuliko mitungi ya oksijeni ya mgonjwa mmoja.

Katika kikao chenu kijacho tunawaomba mfungue daftari la michango ya mwaka uliopita na mhesabu ni shilingi ngapi zilikwenda kwa wagonjwa wa kifua, na katika hizo ni ngapi zilitumika kabla mgonjwa hajalala kitandani. Mkishapata namba hizo mbili, tuandikieni. Tutazitumia kupanga kazi ya robo mwaka ijayo pamoja nanyi.